Mikopo ya umma: apewe anayethubutu?

Wa Mkomani: Jana tulibishana barazani karibu na Ngome ya Lamu mpaka kahawa ikapoa. Nasema mikopo ya umma wapewe wanaothubutu. Tumechoka na duka la tano la kanga mtaa mmoja. Mtafiti Danny Miller mwaka 1983 alieleza ujasiriamali wa kampuni kwa mambo matatu: ubunifu, kuwahi fursa, na kujihatarisha. Mwaka 2009 watafiti Rauch na wenzake walijumlisha tafiti 51, kampuni 14,259, wakaona wenye mwelekeo huo hufanya vizuri zaidi. Uhusiano ni kama 0.24, ambapo 1 ni uhusiano kamili na 0 ni hakuna.

Mzee Langoni: Mwanangu, 0.24 zidisha kwa 0.24. Hapo mwelekeo huo hauelezi hata asilimia 6 ya tofauti ya mafanikio baina ya kampuni na kampuni. Waulize waliokopa kununua boti za watalii kabla ya Septemba 2011. Watekaji waliingia Kiwayu, Oktoba wakaingia Manda, wageni wakakatika. Boti zilikaa juu ya mchanga, deni likaendelea kukua. Mwenye mashua ya tanga alirudi kuvua.

Wa Mkomani: Shikamoo mzee wangu. Lakini Covin na Slevin, 1989, walichunguza kampuni ndogo za viwanda, wakaona mazingira yakiwa magumu ndipo ujasiri unapofaa zaidi.

Mzee Langoni: Marahaba. Viwanda vya Marekani hivyo, si bahari hii. Na aliyefilisika, nani atampelekea dodoso?

Mama wa Shela: Samahani wazee, mnachanganya vitu. Hao hao wa 2009 walipotenganisha yale matatu, kujihatarisha ndiko kulikokuwa na uhusiano hafifu zaidi. Mimi nauza sambusa. Nilianza kuchukua oda za manahodha kwa WhatsApp usiku, asubuhi nakaanga zilizoagizwa tu. Gharama yake bando. Huko ni kuwahi na ni ubunifu, hatari iko wapi? Friza nililokopea ndilo lililonitia adabu: umeme ukakatika siku mbili, samaki wote nikamwaga (paka wa Shela walifanya sikukuu). Fomu ya mkopo iulize: umeshajaribu nini kwa pesa yako mwenyewe, hata shilingi mia mbili?

Mzee Langoni: Huyu ndiye apewe.

Wa Mkomani: Dada, kwa sambusa nakubali. Ila kijana mwenye wazo la boti ya laki nne, atalijaribuje kwa mia mbili?