Mada: Kuwinda njiwa na bata Marekani: shamba likimwagwa ngano, tusubiri siku ngapi?

Tumaini: Kamweni wote. Mwenye shamba anatualika kuwinda njiwa Jumamosi. Alimwaga ngano kando ya uzio, anasema kaizoa siku 6 zilizopita. Twende?

Sanga: Msiende, mdogo wangu. Sheria ya ndege wahamao inataka siku 10 tangu chambo, yaani chakula kilichomwagwa kuvutia ndege, kiishe chote, si tangu mtu apitishe ufagio. Ndege aliyezoea kula mahali hurudi hata pakiwa patupu, ndiyo sababu ya siku hizo. Chumvi nayo ni chambo. Umbali haukutajwa: kama ngano inawavuta njiwa wapite mliposimama, mmo ndani ya eneo la chambo hata mkiwa mbali na uzio. Tangu marekebisho ya 1998 unaweza kujitetea kwamba hukujua, ila si kama ungeligundua kwa kuangalia tu. Na wewe sasa umeshaambiwa! Anayewinda juu ya chambo faini yake hufika dola 15,000 na kifungo miezi 6. Aliyemwaga ili wengine wawinde, hadi mwaka 1.

Atupele: Kaka Sanga, mweleze na tofauti ya njiwa na bata, hapo ndipo wengi wananaswa. Alizeti au mahindi yakifyekwa kabla ya kuvunwa, punje zikabaki palepale zilipoota, njiwa ruksa, bata marufuku. Bata unamwinda kwenye mahindi yaliyosimama, hata yakiwa yamejazwa maji, au kwenye mabaki ya mavuno ya kawaida. Punje iliyovunwa ikarudishwa shambani kuvutia ndege ni chambo kwa wote wawili. Kwale na bata mzinga hawamo humo, hao soma kanuni za jimbo lako.

Tumaini: Shikamoo dada. Sasa nikifika shamba nisilolijua, natazama nini?

Sanga: Tembea kabla ya kupakia risasi. Mashine ya kuvuna huacha mahindi pamoja na magunzi, maganda na mabua yaliyokatwa, yametapakaa ovyo. Ukikuta punje safi bila gunzi hata moja, zimejipanga mstari mwembamba kama gunia lililotoboka nyuma ya trekta, ondoka. Ngano ndiyo ngumu, kwa sababu kupanda kwa kurusha ni kilimo halali kama msimu na kiasi vinalingana na cha wakulima wa eneo hilo. Ikiwa imerundikana, au imemwagwa juu ya ardhi isiyoandaliwa, hiyo si mbegu. Angalia pia njia za trekta zinazoishia mahali pasipo na kazi. Kule Usangu, Tanzania, mtoto anayetegea kanga humwaga punje hivyohivyo, jicho lako linazijua.

Atupele: Na wenye viza ya masomo: bunduki usiiguse, hata ya kuazima, kabla hujawa na leseni halali ya kuwinda. Kosa hilo ni zito kuliko la chambo.