Ana VVU na TB, macho yameingia ukungu: ni ethambutoli?

Muulizaji: Wakuu, mgonjwa ana kilo 41, yuko wiki ya 7 ya RHZE (kidonge chenye dawa nne za TB, ethambutoli ikiwemo), vidonge 3 kwa siku. ARV kaanza wiki ya 2, CD4 (chembe za kinga) ilikuwa 38, chini sana. Sasa anaona ukungu. Macho hayaumi wala si mekundu. Nisimamishe ethambutoli?

Jibu 1: Piga hesabu kwanza. Kidonge kimoja kina ethambutoli miligramu 275. Vitatu ni 825, sawa na kama miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito. Iko ukingoni, haijapitiliza. Lakini dawa hii hutolewa na figo, na tenofovir, mojawapo ya ARV, nayo huweza kuziumiza. Pima kreatini (kipimo cha damu cha figo) leo.

Kisha pima jicho moja moja: ubao wa E wa kupima uwezo wa kuona, halafu kitabu cha Ishihara cha kupima rangi. Huna kitabu? Mwonyeshe kifuniko chekundu. Usifananishe jicho na jicho, sumu hii kwa kawaida hushika yote mawili. Akikikazia macho katikati kififie, akikiona kwa pembeni kikolee, hapo shuku ethambutoli. Neva ya jicho ikionekana safi kwa ofthalmoskopu (kifaa cha kutazamia ndani ya jicho) usitulie. Mwanzoni huwa hivyo.

Jibu 2: Kwa CD4 38 usimalizie hapo. CMV (kirusi kinachoshambulia retina kinga ikishuka) haiumi pia, mara nyingi huanza jicho moja, na vitone vyeusi vinavyoelea. Panua mboni kwa matone ya tropikamidi. Bila hivyo utaona katikati tu, na CMV hupenda kuanzia pembeni. Weupe uliochanganyika na damu ni CMV hadi ithibitike vingine. Vivimbe vya manjano chini ya retina, fikiria TB. Ana kichwa kinachouma au anaona vitu viwili? Pima antijeni ya kriptokokasi, fangasi wanaoshambulia ubongo.

Muulizaji: Kichwa hakiumi, antijeni hasi. Retina safi hadi pembeni. Nyekundu anaiona kahawia, macho yote. Kreatini 168 (mikromoli kwa lita), imepanda.

Jibu 1: Basi itoe ethambutoli leo, usingoje rufaa. Kwa kuwa imo ndani ya kidonge cha mchanganyiko, mpe RH (rifampisini na isoniazidi) vidonge 3, na pirazinamidi kama kidonge cha peke yake. Usimwachishe dawa zote za TB, kosa hilo hutokea sana. Kokotoa uchujaji wa figo: chini ya mililita 50 kwa dakika badilisha tenofovir, chini ya 30 pirazinamidi iwe mara 3 kwa wiki. Hakikisha anapata piridoksini (vitamini B6), maana isoniazidi nayo huweza kugusa neva. Mwambie ukweli: kuona hurudi kwa miezi, na si kwa wote.

Jibu 2: Na rufaa ya macho iandikwe hata hivyo, pamoja na namba za ubao wa E za leo. Bila namba za kuanzia, mwezi ujao hakuna atakayejua kama anapona.