Kuunganisha pingili za kiuno kwa matundu madogo: mama tumwandae vipi?

Sisimba_Juu
Habari za leo wakuu. Mama yetu, miaka 58, yupo Uyole, Mbeya. Pingili ya L4 (ya nne ya kiuno) imeteleza mbele juu ya L5 (ya tano, iliyo chini yake). Akitembea kidogo miguu inawaka moto na kufa ganzi, akikaa inapoa. Miezi sita ya dawa na mazoezi haijasaidia. Ameshauriwa aende Dar aunganishwe pingili kwa matundu madogo. Humo ndani kinafanyika nini, na akirudi tuzingatie nini?

Loleza
Pole kwa mama. Hayo "matundu madogo" yasiwafanye muone ni kazi ndogo. Kilichopungua ni jeraha la ngozi na misuli. Kwenye mfupa kazi ni ile ile. Anapewa nusu kaputi, analazwa kifudifudi, na eksirei inapigwa kila hatua kumwongoza daktari. Anachanwa kama sentimita 3 kando ya uti, kisha inapitishwa mirija, mwembamba kwanza, mnene juu yake, hadi upana wa milimita 22 hivi. Misuli inatanuliwa, haibanduliwi, ndiyo maana damu hupotea kidogo. Kiungo cha nyuma kinachounganisha pingili hizo kinakatwa, mshipa wa fahamu unapata nafasi, diski (ule mto laini kati ya pingili) inakwanguliwa, na mahali pake kinawekwa kijisanduku. Mfupa uliokatwa hautupwi: unasagwa na kujazwa humo. Mwisho skrubu 4 na vyuma 2 vya kuzifunga.

Hapo kwenye kukwangua ndipo penye siri. Gegedu (tabaka laini linalofunika mfupa) ikibaki kwenye uso wa pingili, mfupa haushiki, na baadaye skrubu hulegea au kukatika. Utando wa uti nao unaweza kutoboka maji yakavuja: kichwa kinauma akiinuka, kinapoa akilala. Skrubu ikigusa mshipa wa fahamu, mguu utauma upya.

Mwl_Ruaha
Kabla hamjasafiri, je, amepigwa eksirei akiwa amesimama, akiinama na akijinyoosha nyuma? MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) hupigwa mtu amelala, na pingili inaweza kurudi mahali pake isionekane inacheza. Kama haichezi na mguu unauma kuliko kiuno, muulizeni daktari kama kupanua mfereji wa uti (njia ya mishipa ya fahamu) peke yake, bila kuunganisha pingili, hakutoshi. Kwa umri wake apimwe pia uimara wa mifupa, maana skrubu haishiki kwenye mfupa laini. Na sukari.

Sisimba_Juu
Asante sana. Sukari iko sawa, ila anavuta ugoro.

Mwl_Ruaha
Aache, angalau wiki 4 kabla, na asirudie mpaka mfupa ushike. Tatizo ni nikotini, si moshi, hivyo ugoro nao unazuia mfupa kuunga.

Loleza
Kurudi, kama uwezo upo apande ndege hadi Songwe. Basi ni zaidi ya kilomita 800; ikibidi, ashuke kila kituo atembee, damu isigande miguuni. Wiki 6 za mwanzo asibebe zaidi ya kilo 5 (ndoo ya maji ni kilo 20!), asishike jembe, asipande bodaboda. Choo cha kuchuchumaa mwekeeni kiti. Diklofenaki (dawa ya maumivu) ya duka la dawa asimeze bila kumuuliza daktari. Kidonda hupona mapema, mfupa huchukua miezi 6 hadi 12.

Mkojo ukiziba, sehemu za siri zikifa ganzi au mguu ukikosa nguvu, mpelekeni Rufaa Mbeya saa hiyo hiyo. Msisubiri tarehe ya kliniki ya Dar.