Naomba ushauri: muuguzi nijiunge na mafunzo ya utafiti wa huduma za saratani?

Nesi_Mwanga (Kigoma):
Habari wakuu. Ni muuguzi, mwaka wa tisa sasa nachunguza saratani ya mlango wa kizazi. Unapaka siki, unasubiri dakika moja, ukiona weupe ujue kuna kazi. Wenye mabadiliko ya awali wanapata tiba mgando (tunagandisha sehemu hiyo kwa baridi kali) siku hiyohiyo. Wenye uvimbe tunakata kipande kidogo cha nyama kikapimwe maabara, tunawaandikia rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar.

Juzi nimepekua daftari la rufaa. Safu ya mrejesho tupu, ukurasa baada ya ukurasa. Mama mmoja wa Ujiji, jibu la kipimo hicho lilifika ameshazikwa. Silali vizuri tangu siku hiyo.

Nimepata nafasi ya mafunzo ya mwaka mmoja: madaktari, wauguzi, watakwimu, watu wa sosholojia na uchumi, darasa moja, kila mmoja na tatizo la kazini kwake. Hofu yangu, takwimu niliziacha chuoni, na nisije nikaishia kuwajazia wengine madodoso. Niende?

Mtakwimu_Isevya (Tabora):
Nenda dada. Mimi naweza kukokotoa siku kati ya dalili na tiba, lakini kwa nini mgonjwa alifika stendi akageuza, faili haliniambii. Wewe unajua. Anza sasa kuangalia kama daftari lenu lina tarehe nne: dalili, kufika kituoni, jibu, kuanza tiba. Ila utafiti wenyewe usubiri kibali cha maadili, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, wanatoa.

Mstaafu_wa_Wodi:
Hilo la madodoso uliza mapema: swali la utafiti ni la nani, na jina lako litakaa wapi kwenye andiko? Waandike. Ruhusa ya mwajiri nayo iwe ya barua. Mimi niliondoka kwa ruhusa ya mdomo, mshahara ukasimama miezi miwili.

Binti_Kasulu:
Shikamoo nesi. Mama yangu alipewa rufaa. Barua tulikuwa nayo, nauli hatuna. Tukauza mbuzi wawili, ikatosha ya kwenda tu, na Dar hatukuwa na pa kufikia. Hakuna aliyetuuliza hayo. Huyo mtu wa uchumi ahesabu na malazi.

Nesi_Mwanga:
Marahaba mwanangu. Mama anaendeleaje?

Binti_Kasulu:
Alimaliza mionzi mwaka jana. Leo yuko shambani, anapalilia muhogo.

Nesi_Mwanga:
Alhamdulillah. Nimeamua naenda, barua ya ruhusa napeleka kesho. Naomba nije Kasulu mama anisimulie safari yote, tangu siku aliyoona damu.