Mazoezi ya usanifu wa programu kwa timu: muda upangwe vipi, na zoezi lipi linafaa?

msanifu_mchanga:
Wakuu, timu yetu ina watu 12. Kodi wanaandika vizuri, ila maamuzi ya usanifu yote anaachiwa mtu mmoja. Tumeanza zile kata za usanifu (architectural katas) alizozianzisha mtaalamu wa programu Ted Neward, yaani mazoezi ambapo vikundi vinabuni mfumo wa mteja wa kuigiza. Lakini kila kundi linachora maikrosevisi (programu iliyogawanywa kuwa huduma ndogondogo) na Kafka (mfumo wa kupitisha ujumbe mwingi kati ya huduma hizo), kisha mjadala unakufa. Tunakosea wapi?

FundiSeva:
Mtu mmoja akae pembeni awe mteja. Waliobaki 11 wagawe: vikundi viwili vya watu wanne, kimoja cha watatu. Mteja anajibu maswali ya biashara tu, teknolojia haimhusu. Dakika 10 za kusoma na kuuliza, 45 za kubuni, kisha kila kundi dakika 10 za kuwasilisha na 5 za kuhojiwa. Ndani ya saa mbili mmemaliza.

Tatizo lenu ni kwamba hakuna namba. Chukua zoezi la tiketi za mabasi ya mikoani: mabasi 200 kwa siku, viti 50 kila basi. Hizo ni tiketi 10,000. Hata nusu yake ikiuzwa ndani ya saa moja, ni tiketi 1.4 kwa sekunde. Kwa kila anayenunua weka maombi 20 ya kutazama safari, utapata kama 28 kwa sekunde. Seva moja na hifadhidata moja ya PostgreSQL zinabeba bila shida. Anayetaka Kafka hapo aeleze inamtatulia nini. Hesabu hii ifanyike kabla ya mtu kushika kalamu ya ubao.

bi_hifadhidata:
Naongezea: ugumu wa zoezi hilo hauko kwenye wingi wa watu, uko kwenye kiti na pesa. Mawakala wawili wanabonyeza kiti namba 14 kwa wakati mmoja. Mnunuzi anaombwa PIN ya M-Pesa kwenye simu, na uthibitisho wa malipo unarudi baadaye: pengine mara mbili, pengine haurudi kabisa.

Kundi lionyeshe kiti kinashikiliwa dakika ngapi (10 zinatosha), na pesa ikiingia dakika ya 12, kiti kimeshauzwa, nani anarudishiwa na kwa njia gani. Namba ya muamala iwe ya kipekee kwenye jedwali, ili uthibitisho wa pili usitoe tiketi ya pili. Usiporudi, mfumo wenyewe uulize hali ya muamala. Ukiona mchoro una maboksi tisa na hakuna hata moja linalojibu haya, urudishe.

msanifu_mchanga:
Asanteni sana. Na kura je? Kwetu watu wanapigia kura mchoro mzuri.

FundiSeva:
Kabla ya kura, kila kundi liandike maamuzi matatu, kila moja mistari mitano: hali ilivyo, tulichochagua, tulichokiacha na kwa nini, hasara tunayoikubali. Dole juu, katikati au chini lipigiwe maandishi hayo. Uamuzi usiotaja hasara haujakamilika.

Jambo lingine: ikifika dakika ya 30 ya kubuni, mteja atoe sharti jipya: intaneti ya stendi hukatika, na wakala lazima aendelee kuuza. Aliyeweka kila kitu kwenye seva ya mbali atabidi atenge viti vya kila stendi mapema, na aseme vikibaki bila kuuzwa vinarudi lini.

bi_hifadhidata:
Na mteja abadilike kila mara. Anayejua mfumo kuliko wote aanze yeye, la sivyo ataendelea kuamua peke yake ndani ya kikundi.