Masta ya sayansi ya dunia: jiofizikia au maji ya ardhini?

tetemeko_dogo: Wakuu naanza masta na wanataka nichague mchepuo mapema, napenda sana mambo ya matetemeko, yaani jiofizikia, ila hesabu zangu ni za kuungaunga, nikiangalia hidrojiolojia (hayo maji ya ardhini) naona kama ndo salama. Mnashaurije?

jiwe_gumu: Hesabu hukwepi mkuu 😂 sheria ya Darcy ya 1856, ile ya kasi ya maji kupita kwenye mchanga na miamba, iko simpo ila ukianza kutengeneza modeli ya maji yanavyopita kwenye miamba yenye nyufa utakutana na milinganyo ya kutisha vilevile. Jiofizikia nayo siku hizi ni kukaa na kompyuta, anza kujifunza Python (lugha ya kuandikia programu) mapema.

mpanda_mlima: Mi naona chagua msimamizi kwanza, mchepuo baadaye. Waulize wanafunzi wake kama anajibu meseji, na data ipo au unaenda kuitafuta mwenyewe, maana hiyo inaweza kula muda wote wa tasnifu

tetemeko_dogo: Kumbe data nayo ni ishu. Na jiokemia, yaani kemia ya miamba na madini, je?

jiwe_gumu: Kama unapenda maabara, twende. Kupima umri wa zirkoni (madini madogo ndani ya miamba) kwa kulinganisha urani na metali ya risasi iliyomo ni kazi tamu, ila foleni ya mashine we acha tu