Compulsory na compulsive ni kitu moja?

Mtoto wa Birere: Jambo ba ndugu na ba dada, munisaidie. Jana ku kalasi ya Kingereza hapa Goma niliandika "compulsive education" juu nilifikiri njo masomo ya lazima, mwalimu akaikata na biki nyekundu, nikabaki na haya sana.

Mama Himbi: Pole mwanangu. Compulsory njo obligatoire ya Kifaransa, sheria inakulazimisha, sawa vile katiba yetu ya 2006 inasema shule ya msingi ni ya lazima. Compulsive inatoka ndani ya mutu mwenyewe. Kuko mutu anacheza kamari mpaka franga za unga zinaisha, analia, anaapa ataacha, na kesho asubui eko pale pale, anashindwa kujizuia. Huyo njo compulsive gambler.

Kaka wa Katindo: Ongeza compelling, ushahidi wenye nguvu ao hadisi inakushika hauwezi kuiacha. Yote tatu inatoka ku Kilatini compellere, kusukuma pamoja.

Mtoto wa Birere: Aksanti sana mama, kumbe mwenye kusema bongo kila saa ata bila faida ni compulsive liar! Naandika tena ile sentensi leo.